Ndugu yangu, soma mstari wote

Mdogo wangu,

Umeandika kwenye WhatsApp ya familia kwamba dada yako ana kinyongo na watu waliobarikiwa. Shangazi zetu wamesoma, watoto wetu wamesoma, hata binamu yetu wa Webuye ambaye hasemi neno mwaka mzima ameweka dole gumba. Pale sijibu. Nakujibu hapa, ambapo naweza kuandika hadi mwisho bila kukatizwa.

Sina kinyongo na mali yako. Uliponunua pikapu ya kwanza, ni mimi niliyeiwekea mikono na kuiombea pale stendi ya Njoro, makanga wakitutazama. Mapazia ya duka lako la mbolea niliyashona mimi, na kitambaa nilinunua kwa pesa zangu. Nilijivunia wewe, na bado najivunia, maana katika boma letu hakuna aliyeamka mapema kukuzidi, na baridi ya kule juu Mau haikukuzuia kufika sokoni. Ninachokataa ni kitu kimoja, jinsi ulivyoinunua ekari ya yule mjane, nawe unakijua.

Baba hakutuachia mengi, lakini alituachia desturi ya Mithali. Sura ni 31, na sura ya siku ni tarehe ya siku. Mwezi ukiwa mfupi, zile za mwisho alizisoma kwa pamoja. Ng'ombe hajakamuliwa, taa iko mezani, na ile Biblia yake ya Union Version imebandikwa mgongo kwa gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli. Akishasoma anachagua mstari mmoja. Wewe uuseme kwa maneno yako, mimi niseme nitaufanyia nini. Tukijibu kwa maneno makubwa makubwa, kwamba tutakuwa waadilifu, tutawapenda watu wote, alikuwa anauliza tu: "Leo, kwa nani?" Ilibidi utaje jina. Jirani, mwalimu, hata yule mtoto aliyekuibia goroli. Usipotaja jina, uji hunywi.

Najua bado unasoma. Saa kumi na moja alfajiri mstari umeshaingia kwenye status yako, na watu wanaandika amina. Basi nieleze ile siku.

Ilikuwa tarehe 23. Asubuhi hiyo, kabla sijapanda matatu kutoka Nakuru, nilikuwa nimesoma sura yangu kama kawaida, na mstari wa 10 na wa 11 ikanikaa: "Usiondoe alama ya mpaka wa kale, wala usiingie katika mashamba ya yatima, kwa maana Mkombozi wao ni hodari, atawatetea juu yako." Sikujua ninachokwenda kukikuta. Nilikuwa nakuja kumwona Mama na mguu wake. Nikakuta viti vimepangwa sebuleni: wewe, yule broka wako wa mashamba, mzee wa kijiji, na mama mapacha, mjane mwenyewe, amekaa ukingoni mwa kochi bila kuegemea. Pacha mmoja alikuwa hospitalini, amepona lakini haachiliwi kwa sababu ya bili. Ulijua hilo. Kijiji kizima kilijua.

Ulifungua kwa maombi. Ukasoma Yoshua 1:8 kwenye simu, kwa sauti ile ile ya Baba, ukasema Mungu ameleta jibu kwa pande zote mbili. Broka akatoa karatasi zake na pedi ya wino. Mama mapacha akauliza, "Mwanangu, kalamu iko?" Ilikuwepo. Ilikuwa imechomekwa kwenye mfuko wa shati lako, ya buluu, naiona hadi leo. Ukamwambia, "Kidole kinatosha, mama." Mwanamke ambaye amekuwa katibu wa kina mama kanisani kwetu tangu sisi tuko shule ya Jumapili, ambaye daftari lote la michango ni mwandiko wake, ulimshika kidole ukakibonyeza kwenye wino kana kwamba hajui kusoma. Akakipangusa kwenye leso, akapangusa tena, na wino ukakataa kutoka. Ekari moja kwa laki nne, upande ule wa barabara ya chuo ambapo ploti ya futi hamsini kwa mia peke yake inapita bei hiyo.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya chai. Nilisema, "Angalau asomewe kwanza." Ukanijibu bila kugeuka: "Dada, leta chai." Sikuileta. Nilirudisha sinia jikoni, na Mama akaniuliza mbona vikombe vimerudi vimejaa. Bei naweza kujilazimisha kuielewa, biashara ni biashara hata inapouma. Ile kalamu siielewi. Nimeomba niielewe na sijaweza.

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe, huo wa Yoshua 1:8, maana umeuchapa hadi kwenye kadi ya shukrani ya nyumba mpya, na umeniomba mimi niusome siku hiyo. Wewe unausoma mwanzo, pale pa kutafakari mchana na usiku, unaruka, unatua kwenye "ndipo utakapositawi sana." Pale ulipoparuka pameandikwa: "upate kuangalia kutenda sawasawa na maneno yote yaliyoandikwa humo." Kutafakari mchana na usiku kumewekwa kwa ajili ya maneno hayo. Mtu anatafakari ili mkono wake uzuiwe pale unapotaka kwenda usikopaswa. Tena fuata habari za huyo Yoshua hadi sura ya 19. Nchi iligawanywa kwa kura, kabila baada ya kabila, kila ukoo ukapata mipaka yake, na walipokwisha kugawanya ndipo watu wakampa yeye sehemu yake. Kiongozi mzima, amepokea wa mwisho. Huko ndiko kusitawi alikoahidiwa, na mbona hakuhubiriwi?

Ukibanwa unakimbilia kwa Ibrahimu, kwamba alikuwa tajiri naye ni baba wa imani. Ni kweli. Lakini je, umesoma jinsi alivyonunua shamba? Mwanzo 23. Amefiwa na Sara, hana hata mahali pa kumzika. Efroni Mhiti anamwambia mbele ya watu, chukua bure. Ibrahimu anakataa. Anataka kulipa bei kamili, na anapotajiwa shekeli 400 za fedha haombi kupunguziwa hata moja. Anazipima langoni pa mji, wazi, kila mtu anaona. Pale mwenye shida alikuwa mnunuzi. Sebuleni kwetu mwenye shida alikuwa muuzaji, nawe ukaipima shida yake ukaikata kwenye bei. Na Ayubu, ambaye pia unapenda kumtaja, alipojitetea hakuhesabu ngamia. Alisema alimwokoa maskini aliyelia, na kwamba moyo wa mjane aliufanya uimbe kwa furaha. Mama mapacha hakuimba siku ile.

Paulo alimwandikia Timotheo maneno ambayo ningependa uyaweke mahali pa huo mstari wa kadi: "Bali wewe, mtu wa Mungu, uyakimbie mambo hayo, ukafuate haki, utauwa, imani, upendo, saburi, upole." Mambo ya kukimbiwa ameyataja juu kidogo, na mojawapo ni kule kutaka kuwa na mali. Hakusema uyatembelee kwa uangalifu. Amesema ukimbie. Na yale ya kufuata ni kazi ya kila siku, hayaji kwa kuwekewa mikono mara moja. Saburi, kwa mfano, mimi naitafuta kila Januari wakati wa kushona sare za shule, wazazi kumi wamesimama juu ya cherehani na kila mmoja anasema wa kwake aanze leo.

Nakushauri kama dada. Simu iache chumba kingine. Soma sura polepole, kwa sauti, midomo ifanye kazi. Chagua mstari mmoja, hasa ule unaokuudhi, kwa sababu ule unaokufurahisha tayari unaufuata. Kisha jiulize swali la Baba na uandike jina. Mimi nina daftari la majina hayo: mteja ninayemdai na sitaki kumwaibisha, mwenye nyumba, fundi mwenzangu wa kibanda cha pili. Jioni nalifungua tena kuona kama nilitenda. Jina lako limo humo kuliko la mtu mwingine yeyote.

Watu wanasema nimemponza binti yangu. Najua umesema hivyo na wewe. Ulitaka kumlipia karo ya chuo kikuu, nikakataa, akaahirisha mwaka, na sasa anashona kola pamoja nami kule mtaa wa Free Area, Nakuru. Ameniuliza kama Mungu wangu anataka ashone sare maisha yake yote. Kuna wiki nzima hakunisemesha mezani. Ningefanya nini, ndugu yangu? Pesa zile zilitoka kwenye ekari ile. Uliniambia mwenyewe kwamba umeuza ploti mbili za mwanzo. Ningepokea, halafu asubuhi nifungue Mithali nisome nini? Sikukataa kwa kiburi. Mtu mwenye kiburi hangelala anahesabu pesa za chama chetu cha kuchangiana kama ninavyolala mimi. Nilikataa kwa sababu siwezi kumfundisha mwanangu maneno ya Baba asubuhi na kumlipia karo kwa kidole cha mjane mchana. Mwezi wa tisa ataenda, zamu yangu ya chama imekaribia. Ulikuwa uamuzi sahihi. Nasema hata kama yeye hajakubali, ulikuwa sahihi.

Unalalamika pia kwamba nilikuanika kwa wazee wa kanisa, kwamba ningefuata Mathayo 18, nikuonye kwanza tukiwa wawili tu. Niliifuata. Nilikuja dukani peke yangu, ukaniambia ngoja nipokee simu, nikakaa juu ya gunia la mbolea hadi ukafunga. Nikarudi na mjomba, ukampa soda na habari za bei ya mahindi. Wazee walikuja mwisho, na ndivyo ilivyoandikwa. Ulikuwa mtoto mwema. Ulipomvunjia bibi chungu, ulimfuata mwenyewe hadi mtoni kumwambia, kabla mtu hajakuuliza. Huyo ndiye nilikuwa namngojea pale juu ya gunia.

Zakayo alisema nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Mimi sikuombi mara nne. Nakuomba uirudishe ile ekari kabla hawajaanza kuweka vigingi vya ploti nyingine, na uzungumze na wale wawili uliowauzia. Mama mapacha hakatai kukurudishia laki zako nne, amenikabidhi hata mpango wa jinsi atakavyolipa, ameuandika kwa mkono wake.

Usipotaka, jua mambo haya mapema, nisionekane nimekuvizia. Hati miliki ingali katika jina la marehemu mumewe. Kesi ya mirathi ilikuwa haijafunguliwa ulipomwekesha kidole, na watoto nao ni warithi. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, wewe hukupeleka. Sasa mama mapacha amefungua kesi, na amenitaja kuwa shahidi. Nitakwenda. Nikiulizwa kama palikuwa na kalamu, nitasema ilikuwepo na ilikuwa mfukoni mwa nani. Kwenye shukrani ya nyumba tafuta msomaji mwingine.

Wasalimie watoto. Sare ya yule mdogo iko tayari, nimeacha pindo refu kwa sababu anakua haraka. Mtume mtu aje aichukue kabla ya Ijumaa, na usitume pesa.

Dada yako