Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Udongo Wetu wa Majivu ya Volkano na Vijidudu Vyake

Wanachama wenzangu,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililotawala vikao vya kamati tangu mvua za masika, yaani hali ya udongo wa mashamba yetu, kutoka Molo hadi Mau Narok, na sababu ya samadi tunayoimwaga kutotupa mavuno tuliyotarajia.

Baadhi yenu mlipendekeza chama kinunue vijidudu vya chupa, yaani vile vinavyouzwa ili vimwagwe shambani. Kamati haikukubali, kwa kuwa tunaamini vijidudu havijapungua udongoni. Vilivyopo ndivyo vinavyokosa hewa na nafasi.

Udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi: kwa kawaida sentimita moja ya ujazo, ikikaushwa, haizidi gramu 0.9, maana sehemu kubwa yake ni vitundu. Vitundu vikubwa hupitisha hewa, vya wastani huhifadhi maji na ndimo bakteria wanamoishi, na vile vyembamba kuliko bakteria mwenyewe huificha mboji isiliwe upesi. Madini ya alofani, yatokanayo na majivu ya volkano, huishika mboji hiyo, na huishika fosforasi pia, ndiyo maana shamba laweza kuwa jeusi la kupendeza huku majani ya mahindi yakigeuka zambarau kwa kukosa fosforasi. Vijidudu vingi hufanya kazi vizuri zaidi maji yanapojaza takriban asilimia 60 ya vitundu. Yakipungua mno, bakteria hawakifikii chakula chao. Yakizidi, oksijeni huisha, na bakteria wanaoweza kuishi bila hiyo huigeuza naitreti, yaani naitrojeni ambayo mimea hunyonya, kuwa gesi inayopotea hewani, pamoja na pesa tulizoilipia mbolea.

Haya tuliyaona kwa macho tulipochimba shimo katika shamba la mfano. Mahali plau ya trekta inapofikia palikuwa na tabaka gumu. Mizizi ya mahindi ilikuwa imepinda na kutambaa juu yake, maji yalituama hapo, na samadi ya msimu uliopita ilikuwa bado na nyuzi za majani na harufu ya kinamasi. Hatua chache kutoka hapo, chini ya nyasi za ukingo, udongo uleule ulimeguka mkononi kuwa madonge madogo yaliyoshikwa na nyuzi nyeupe za kuvu, na minyoo ilikuwa tele. Hakuna aliyewahi kumwaga chupa yoyote pale ukingoni.

Hatari ya pili ni ukavu. Udongo wenye alofani ukiachwa wazi kwenye jua la Januari na Februari hadi ukauke kabisa, sehemu yake hugeuka chembe ngumu, na hata mvua ikirudi haushiki tena maji kama zamani. Nalisisitiza hili kwa sababu hasara hiyo hairekebishiki kwa msimu mmoja, pengine isirekebishike kamwe.

Hata hivyo, kukauka kwa kiasi kuna faida yake kwa anayepanda mapema. H. F. Birch, mtafiti aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, alionyesha mwaka 1958 kwamba udongo mkavu ukinyeshewa, vijidudu huamka kwa nguvu na kuachilia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Anayepanda wiki kadhaa baada ya mvua ya kwanza huacha sehemu ya naitrojeni hiyo ioshwe na maji.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili: fedha zilizopendekezwa kwa vijidudu vya chupa zinunue mbegu za mimea ya kufunika udongo, pamoja na mitungi ya chuma ya kupimia uzito wa udongo, itakayozunguka kutoka kikundi hadi kikundi, na trekta la chama lisiingie shambani udongo ukiwa umelowa, hata foleni ya wanaolisubiri iwe ndefu namna gani. Najua sharti hili la pili litawaudhi wengi wakati wa kupanda viazi, lakini naliunga mkono kwa moyo wote.