Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Mlezi wetu, viongozi wenzangu, na wanachama wachache wa chama chetu cha filamu mliofika, hamjambo.

Nasema wachache kwa kuwa nimehesabu. Daftari letu lina majina 63 na katiba inataka akidi ya watu 21. Mkutano huu tumeuahirisha mara mbili, mara ya kwanza tukiwa 14, ya pili 17. Leo tumefika 22, pamoja na bwana mmoja aliyekuja kumchukua mkewe tukakumbuka kwamba naye ni mwanachama. Tarehe ilipotangazwa kwenye kundi la WhatsApp, vidole gumba vilikuwa 48. Kidole gumba hakikalii kiti.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mafunzo ya taa za kupigia picha yalifanyika Machi. Kliniki za mswada, yaani vikao vya kupitia hadithi za filamu, zilikuwa 12 kwenye ratiba, zikafanyika tano. Filamu fupi za wanachama zilionyeshwa Oktoba, watu wakakaa hadi mwisho. Ripoti yetu kwa Msajili wa Vyama iliwasilishwa kwa wakati, jambo ambalo halikuwa likifanyika kabla sijashika kiti hiki. Mengine yamo kwenye taarifa ya katibu.

Sasa nije kwenye filamu ya Dubai, ambayo najua ndiyo iliyowatoa wengi wenu nyumbani leo.

Wazo lenyewe nililileta mimi, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha. Msichana wa Kikenya anafanya kazi ya mapokezi hotelini Dubai, anakutana na mhasibu Mhindi, naye mgeni vilevile, wanapendana katika mji ambao si wa yeyote kati yao. Mswada wa kwanza ulimfanya kijana mtu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, maana watu wa Kerala ni wengi huko Ghuba. Tulipofika kwenye usaili, waigizaji wote waliojitokeza kutoka mtaa wa Parklands walikuwa wa nyumba za Kigujarati. Kimalayalam, lugha ya Kerala, hawakijui, kama mimi nisivyokijua. Tukamhamishia kijana wetu Ahmedabad, mji wa Wagujarati, na mambo yakaenda.

Katika mswada huohuo wapenzi walikamatwa kwa kuishi pamoja bila ndoa. Mwanachama wetu mmoja aliyefanya kazi kule alitukumbusha kwamba sheria hiyo ililegezwa Novemba 2020. Nusu ya hadithi ikaanguka siku ile, na wapo waliotaka tuendelee tu, eti mtazamaji wa Nairobi hatajua. Nilikataa. Watazamaji wetu wana dada na binamu zao kule, wanajua kuliko sisi. Sasa kinachowatenganisha wapenzi ni viza: ukaazi umefungwa kwa mwajiri, kazi ikikatika na kukaa kumekatika. Kwa maoni yangu hapo ndipo filamu ilipopata uti wa mgongo. Hakuna mtu mbaya wa kuzomea. Kuna karatasi tu, na sanduku linalofungwa.

Nije kwenye safari. Uamuzi wa mkutano wa Februari ulikuwa watu saba waende Dubai kwa siku kumi mwezi wa Aprili. Nakubali, na sijawahi kukana. Lakini tarehe 16 Aprili Dubai ilipata mvua ambayo haijaonekana huko tangu waanze kuweka rekodi, ndege zikakwama, barabara zikawa mito. Huku kwetu nako mwezi uliisha na mafuriko yaliyozoa nyumba Mathare. Nani angesimama mbele ya wanachama mwezi ule kudai michango ya tikiti? Juni tukapanga kupiga picha katikati ya jiji, wiki ile ile ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kufikia Julai fedha zilikuwa zimepungua bila hata kamera kufunguliwa, kwa sababu vifaa vya kukodi hulipiwa amana.

Hapo kamati tendaji, ikiongozwa nami, iliamua matukio yote ya ndani yapigwe Nairobi na watu watatu tu waende Dubai kwa siku nne. Matukio ya ndani hayakutushinda. Chumba cha kulala watu sita tulikitengeneza Ngara kwa vitanda vya ghorofa vya kuazima hosteli. Hata soketi za ukutani hatukuzigusa, maana Dubai nao wanatumia pini tatu za Kiingereza kama sisi. Atakayeona atadhani ni mtaa wa Deira kule Dubai.

Kuna waliouliza, na wanauliza hadi leo, kwa nini ya nje nayo yasipigwe hapa hapa. Mmoja alipendekeza barabara ya juu ya Expressway, eti ukiiangalia haraka ni Sheikh Zayed Road, barabara kuu ya Dubai. Wanachama wenzangu, Julai ya Nairobi ni wingu kutoka asubuhi hadi jioni na watu wamevaa majaketi. Jua la Dubai ni jeupe, linapiga kila kitu mpaka kivuli kinakuwa kama kimekatwa kwa kisu. Halafu kule magari hupita kulia, usukani uko kushoto. Tukio la mwisho ni la binti yetu ndani ya teksi kuelekea uwanja wa ndege. Mliosema tupige hapa kisha tugeuze picha, je, maandishi ya barabarani nayo tungeyasoma kwenye kioo?

Walioenda ni mpiga picha, mwigizaji mkuu na mimi. Najua kinachosemwa: mwongozaji alibaki Nairobi, mwenyekiti akapanda ndege. Nieleze mara moja na iwe basi. Tulihitaji mtu wa sauti. Kazi ya sauti nimeifanya tangu enzi za filamu za kanda za video za River Road, kabla baadhi yenu hamjamaliza shule. Mwongozaji wetu ni hodari, lakini hajawahi kushika boomu, ule mti wa maikrofoni. Aliongoza kwa simu ya video kila tukio, na kwa kuwa Dubai iko mbele yetu kwa saa moja tu, hakukesha. Stendi ya kamera niliibeba mimi begani kutoka kituo cha metro hadi kando ya maji, mwishoni mwa Agosti. Ukitoka kwenye kiyoyozi, lenzi inapata ukungu papo hapo, unasubiri ipate joto la nje huku kila dakika ya kodi inahesabika. Kama huo ni utalii, mwakani namwachia mwingine nafasi hiyo.

Kuhusu kibali, hatukuvizia mtu. Kule kibali kilitolewa na tume yao ya filamu, na tulikiomba kupitia kampuni ndogo iliyosajiliwa huko, kwa malipo. Kuhusu mlio wa kiyoyozi unaosikika kwenye tukio la teksi, dereva alikataa kukizima, na ningekuwa yeye ningekataa pia.

Hesabu kwa ujumla: mfuko wa filamu ulikuwa Sh 1,140,000. Dubai, yaani tikiti, viza, hoteli, kibali na teksi, Sh 468,000. Nairobi Sh 510,000. Zimebaki Sh 162,000, ambazo hazitoshi uhariri na usafi wa sauti. Zile Sh 38,000 zilizoandikwa “matumizi mengine”, zilizozua maneno, ni chakula, maji, laini za simu na saa tatu za ziada za teksi. Risiti anazo mweka hazina, isipokuwa za mashua ya abra, ambayo nauli yake ilikuwa dirhamu moja na mwenye mashua hatoi risiti. Mimi binafsi nilikopa Sh 85,000 kwenye sako yangu ili kazi isikwame, na sijarudishiwa hata senti.

Ada ya mwaka ni Sh 2,000. Waliolipa ni 24 kati ya 63. Katika watu tisa walioandika barua ya kulalamikia safari, waliolipa ni wawili. Sitawataja.

Kuhusu mwaka ujao, tunatumaini kumaliza uhariri katikati ya mwaka, Mungu akipenda, kisha tuipeleke kwenye Bodi ya Uainishaji Filamu. Kuna busu moja, fupi, kwa hiyo sitarajii daraja la watu wote. Baada ya hapo tutatafuta ukumbi, na pengine tamasha la nje likitukubali. Kamati inaendelea na mazungumzo na wadau.

La mwisho, vile vitanda vitatu vya ghorofa bado viko kwenye kibaraza cha katibu tangu Julai, na mwenye hosteli amepiga simu tena juzi. Mwenye pikapu aonane nami kabla hatujatawanyika. Mafuta nitalipa mimi.

Mwenyekiti
Nairobi, Februari 2025