Barua kwa Mwanangu: Usimfute Mchungaji Kwenye Daftari

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku hatujambo. Baridi ya mwezi wa sita imeshaingia, asubuhi maji ya kunyweshea ng'ombe yanauma vidole. Wale wawili wa ndani wanaendelea vizuri, maziwa yamepungua lakini ya chai hayakosekani. Baba yako anakusalimu, mgongo wake umetulia.

Ule ujumbe wa sauti ulionitumia nimeusikiliza. Nilitaka kukupigia, nikaona maneno ni mengi, bora niandike uyasome kwa utulivu. Umesema mnakagua madaftari ya mahudhurio na watoro wa muda mrefu watafutwa, na darasani kwako watoro karibu wote ni watoto wa wafugaji. Leo wanakuja, kesho hawaji, wakija wanasinzia, na wananuka moshi na ng'ombe mpaka wenzao hawataki kukaa nao dawati moja. Umesema pia umechoka. Hilo nalielewa, kufundisha darasa lililofurika si kazi ndogo. Lakini kabla hujapiga mstari kwenye jina la mtoto hata mmoja, nisikilize, baba. Mimi mama yako nilikwenda shule nikinuka hivyo hivyo, tena huko huko Usangu unakofundisha.

Unajua kwamba babu yako alikuwa mchungaji wa ranchi, ila sidhani kama niliwahi kukueleza tuliishije. Ilikuwa ranchi ya serikali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi makubwa yalikuwa chini ya mashirika ya umma, na babu yako aliwaita wale ng'ombe "mali ya taifa", akilitamka neno hilo kama mtu anayesoma dua. Alikuwa na kundi lake la kulisimamia, na akifa hata ndama mmoja ilibidi ngozi yake ionekane ofisini. Kambi yetu ilikuwa mistari miwili ya nyumba za tope, zizi la usiku lililozungushiwa miiba kwa ajili ya fisi, na josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe kwa mbele. Walikuwapo Wasangu, Wahehe, Wabena, Wagogo, kila mtu na lugha yake nyumbani kwake. Nje, watoto tulizungumza Kiswahili.

Watoto tulikuwa na kazi kabla ya shule na baada ya shule. Wasichana tulichunga ndama karibu na kambi, kwa sababu ng'ombe mama zao walikwenda malishoni mbali. Wavulana wakishafika miaka minane au tisa walifuata kundi kubwa na baba zao. Hakuna aliyeona kwamba tunaonewa. Mchungaji mmoja hawezi kuwa mbele na nyuma ya kundi kwa wakati mmoja, na mshahara wa kumlipa msaidizi haukuwapo. Msaidizi alikuwa mtoto.

Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ilifutwa. Babu yako akasema kama ni bure basi hakuna sababu ya kubaki nyumbani. Mjomba wako alianza mwaka huo, mimi nikaanza 1974. Tulitoka kambini giza bado lipo. Masika tulivuka mto tumebeba nguo kichwani. Tukifika ni mchakamchaka, kisha ukaguzi wa kucha na sare. Watoto wa pale kijijini walikuwa wameoga. Sisi tulikuwa tumetoka zizini, miguu ina samadi iliyokauka hadi kwenye vifundo, na hakuna maji ya njiani yaliyoweza kuondoa ile harufu. Waliziba pua. Nakuambia hili ili ujue kwamba mtoto anayekaa dawati la nyuma peke yake anajua fika kwa nini yuko peke yake.

Sasa nikuambie ya mjomba wako. Alikuwa darasa la tatu. Usiku ng'ombe mmoja alishikwa na uchungu, ndama akatanguliza miguu ya nyuma. Babu yako alimvuta, mjomba wako akamshikia taa na kumkandamiza ng'ombe shingo mpaka karibu na alfajiri. Ndama akatoka mzima. Mjomba wako hakulala. Alinawa mikono, akachukua daftari, akaenda shule, akafika wenzake wakiwa somo la pili. Mwalimu aliyekuwa zamu hakumuuliza kitu. Alimchapa mbele ya mlango wa darasa letu, mimi nikiwa naona, kisha akamwambia arudi kwa ng'ombe wake kama ndio anaowapenda zaidi. Akarudi. Siku ya pili hakwenda, wiki ya pili hakwenda, na hakuna mtu aliyekuja kambini kuuliza yuko wapi. Babu yako alimheshimu mwalimu kupita kiasi, hakuthubutu kwenda kumhoji. Jina likafutwa.

Mjomba wako hakuwa mzito. Aliweza kusimama mlangoni mwa zizi jioni, ng'ombe wakiingia kwa kusukumana, akasema ni nani hayumo kabla babu yako hajamaliza kuhesabu kwa kokoto. Leo ana kundi lake mwenyewe, na akinunua dawa ya sindano dukani anaipiga picha ananitumia, mimi ndiye ninayemsomea kiasi cha dawa kwa uzito wa ng'ombe na siku za kusubiri kabla maziwa hayajauzwa. Siku simu yangu ikiwa haina chaji, anakadiria. Mimi kila nikisoma zile lebo naona hasira upya. Shule ile ilikuwa na kila sababu ya kumshika mtoto yule, ikamwachia kwa sababu ya asubuhi moja.

Na kuna jambo limenikaa moyoni miaka yote hii. Mwaka huo huo wa 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika kwa watu wazima. Babu yako alikuwa mwanafunzi wa kisomo chenye manufaa pale ranchini. Darasa lao lilikuwa usiku, chini ya karabai, ng'ombe wakishafungiwa. Vitabu vyao vilikuwa vya kilimo na ufugaji, mambo waliyoyajua, kwa hiyo mtu aliposoma neno "kupe" alikuwa ameshawaponda wengi kwa vidole vyake. Babu yako alifaulu. Akaacha kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mshahara, akawa anaandika jina lake polepole, meneja akimsubiri. Kwa watu wazima nchi hii ilijua kwamba mchungaji hapatikani asubuhi, ikamfuata usiku. Mwanawe alitakiwa apatikane saa moja na nusu asubuhi, akikosa basi.

Mimi nilibaki shule kwa sababu ya mwalimu mwingine. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwishoni mwa 1977 watoto walimiminika, madarasa yakahamia chini ya miti, na walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Mmoja wao aliletwa kwetu. Watu walimdharau kwa elimu yake ndogo. Mimi sijapata kuona mwalimu kama yule. Wiki zake za kwanza alifungua daftari la mahudhurio akaona kwamba watoto wa ranchi wote hukosa siku moja ile ile ya wiki. Badala ya kutuita watoro aliuliza siku hiyo kuna nini. Tukamwambia ni siku ya josho.

Wiki iliyofuata alilileta darasa zima kwenye josho, na daftari la mahudhurio kwapani, akaita majina pale pale. Unalijua josho? Ni handaki refu la saruji lililojaa maji ya dawa. Ng'ombe anaingia kwa kuruka, anazama mpaka masikio, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili, kisha anasimamishwa kwenye sakafu yenye mteremko ili dawa inayomchuruzika irudi shimoni. Lakini hairudi yote. Kila ng'ombe huondoka na maji kwenye manyoya yake. Bwana mifugo alikuwa na ufito wenye alama, akiuchovya kabla na baada, anajua lita ngapi zimepungua na dawa kiasi gani iongezwe. Mwalimu akauchukua ule ufito. Kama ng'ombe 200 wamepita na lita 600 zimepungua, kila mmoja ameondoka na lita ngapi? Kesho wakija 350, tuongeze maji kiasi gani? Watoto wa kijijini walikuwa wanaogopa kusogea kwa sababu ya pembe. Sisi tulikuwa juu ya ukuta tunajibu. Ile ilikuwa mara ya kwanza mtoto wa kijijini kuniomba nimwoneshe hesabu.

Na siku ya josho haikuwa ya hiari. Ukiiruka masika, kupe wanaleta ndigana kali: tezi za chini ya sikio zinavimba, ng'ombe anapandwa na homa, anahema kwa shida, povu puani, anakufa. Mzazi anayemzuia mtoto siku hiyo anapima hasara mbili, na hasara ya ng'ombe inaonekana kesho yake.

Kwa hiyo kaa chini na daftari lako ulisome kwa siku na kwa majira. Utaona nani anakosa siku ya josho, nani anakosa siku ya mnada, na nani anatoweka kuanzia mwezi wa saba malisho yanapoisha na makundi kusogea kufuata maji. Huyo wa kiangazi akirudi mvua za mwezi wa kumi na mbili anakuta wenzake wamemwacha, anasinzia kwa sababu haelewi kitu.

Na huko kwenu mambo yamekaza kuliko enzi zetu. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, wafugaji wakalaumiwa, na 2006 hadi 2007 wengi wakaondolewa na mifugo yao kupelekwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaingizwa kwenye hifadhi hiyo. Familia zilizobaki zinahama kwa hofu, usiku, bila barua ya uhamisho ya mtoto. Ukimfuta wewe, kule aendako hana karatasi ya kuonesha kwamba aliwahi kusoma.

Simtetei baba anayemfanya mwanawe mchungaji wa kudumu. Sheria ya Elimu ya 1978 ililazimisha mtoto asome, na mzazi mwenye ng'ombe mia anaweza kabisa kuajiri mtu. Huyo mfuate bila aibu, na mwenyekiti wa kijiji awepo. Lakini mfuate yeye, mtoto mwache kwenye daftari. Nenda jioni wakati wa kukamua, hapo ndipo utawakuta wote. Daftari liache shuleni. Wasalimie, uliza habari ya ng'ombe kwanza, pokea maziwa wakikupa, na zungumza na mama, kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayetaka mtoto asome.

Darasani nako wape watoto hao nafasi ya kujua kitu. Somo la sayansi ukifika kwenye meno, usichore ubaoni peke yako. Muulize mmoja wao umri wa ng'ombe unajulikanaje. Atakuambia ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, na ya chini ni manane. Yale mawili ya katikati hung'oka akiwa na miaka kama miwili, na mengine hufuata mawili mawili mpaka miaka minne na nusu au mitano, yote yawe ya kikubwa. Mwache asimame aeleze mpaka mwisho, wenzake wamsikilize.

Nimempa dereva wa Coaster ya asubuhi viazi na sweta la mkeo, ukavipokee Chimala. Mjomba wako anakuja mnadani huko mwezi ujao, atalala kwako. Mwombe aje darasani kwako, nimeshamwambia, amekubali.

Wasalimie wajukuu wangu.

Mama yako