Mhariri, tulipu za kwenye picha zinataka baridi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana ile picha ya tulipu mliyoweka kwenye kona ya bustani imeniletea simu mpaka basi. Mi naishi Coventry, Uingereza, na tangu itoke dada zangu, shemeji, hadi jirani yetu wa zamani wa Tabata wote wanataka niwatumie vitunguu vya maua, yaani yale matunguu ya chini ya ardhi ambayo tulipu inaotea, kisa mmeandika kwamba haya maua yanafaa kwa kila bustani ya nyumbani. Sasa hapo kwenye kila bustani ndo nataka tuongee kidogo.

Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati huko, Waturuki wakazipenda na kuzilima sana enzi za masultani wao, ndo zikafika Uholanzi, yule mtaalamu Carolus Clusius akazipanda kwenye bustani ya chuo cha Leiden mwaka 1593. Kote huko zilikopita kuna baridi ya miezi, sio baridi ya asubuhi moja unavaa sweta saa nne unalivua. Na ile baridi ina kazi, sio pambo. Ua lenyewe linakuwa limeshajitengeneza dogo ndani ya kitunguu tangu kiangazi, ukikipasua kwa kisu utalikuta humo, lakini lile shina halirefuki vizuri mpaka kitunguu kikae wiki kama 12 mpaka 16 kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 9 hivi. Bila hivyo unapata majani mawili matatu, ua linanyaukia humohumo ndani au linatoka limebana kwenye majani, afu mtu anasema mbegu mbovu.

Kwahiyo dada yangu wa Dar akiniuliza nimtumie rangi gani mi namwambia suala sio rangi. Hata Lushoto na Njombe, najua kuna baridi, nimelala Njombe mwezi wa saba najua ninachosema, ila mchana jua linarudi udongo unapata moto, sio ile baridi ya kukaa palepale miezi mitatu mfululizo.

Kuna wanaosema weka kwenye friji. Ni kweli inafanyika, jamaa zetu walioko Houston ndo wanafanya hivyo maana kule Texas kusini baridi haitoshi, wanaweka tulipu kwenye friji kuanzia mwezi wa kumi hivi, wanazipanda mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, zikishachanua wanazing'oa wanatupa, mwakani wananunua zingine. Na ukiweka kwenye friji hakikisha hamna matunda humo hasa matofaa (apple), yale matunda yakiiva yanatoa gesi inayoua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Sasa niambie familia ya Dar yenye friji moja itakaa bila kuweka embe wala ndizi miezi mitatu kwa ajili ya tulipu ambazo zikitoka tu joto la Februari linazimaliza ndani ya siku chache. Mwenye hela za kuchezea afanye, mi simkatazi.

Ila wasomaji wenu wengi tuko huku nje pia, na huku kweli vitunguu vya maua ya machipuko ndo furaha ya mwaka, maana kuanzia Novemba mpaka Februari hapa ni kijivu juu kijivu chini. Na wengi wetu tunavinunua vibaya, unamwona mtu mwezi wa tatu amekuta dafodili, yale maua ya njano yenye kikombe katikati, zimechanua kwa jirani ndo anakimbia dukani kutafuta vitunguu. Muda umepita huo. Vinanunuliwa Septemba, dafodili na krokasi, yale mafupi madogo, zinaingia ardhini Septemba na Oktoba, tulipu zisubirishe mpaka Novemba maana udongo ukishapoa ule ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya tulipu unapungua. Walioko Minneapolis kule Marekani wao wawahi, ardhi yao inaganda mapema.

Dukani usichague kwa picha ya paketi, picha zote nzuri. Angalia namba ya saizi. Vitunguu vinapimwa mzunguko wake kwa sentimita, tulipu iliyoandikwa 12 kwenda juu ni kubwa itatoa ua la maana, ile mifuko ya bei ya kutupa imejaa vidogo vya 8 au 9 ambavyo vingine mwaka wa kwanza vinatoa jani tu. Afu kishike. Kiwe kizito kuliko unavyotegemea, kibonyeze kwa kidole gumba pale chini kwenye kitako mizizi inapotokea, kikibonyea rudisha, hicho kimeoza. Ganda la kahawia likiwa limechanika sio tatizo, na kile kiukungu cha bluu cha juujuu kwenye ganda kifute tu, shida ni ulaini. Ukiona kwenye lebo alama ya kikombe cha ushindi, hiyo ni tuzo ya RHS, chama cha wakulima wa bustani cha hapa Uingereza, maana yake ua limejaribiwa likaonekana linastahimili bustani za kawaida, kwa mtu anayeanza hiyo alama ina faida kuliko maneno yote ya nyuma ya paketi.

Mtu akiniuliza achague lipi moja mi nasema dafodili, bila kufikiri mara mbili. Tulipu nyingi hizi za kisasa zinachanua vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili zinapungua, wa tatu unabaki na majani, ndo maana hata Keukenhof, ile bustani ya maonyesho kule Lisse, Uholanzi, kwenye vitunguu kama milioni 7 wanapanda upya kila mwaka, bustani yenyewe inafunguliwa wiki nane hivi tu. We mwenye yadi ya nyumba ya kupanga ya halmashauri utaweza? Dafodili unapanda mara moja, inazaana yenyewe, miaka inapita unaikuta palepale na imeongezeka. Ile fupi ya Tête-à-tête inafaa hata kwenye chungu barazani, upepo hauilazi. Na kindi, hawa wakorofi wa hapa wanaofukua tulipu alfajiri unaamka unakuta mashimo, dafodili hawaigusi kwa sababu ina sumu.

Hiyo sumu naomba muiandike kwa herufi kubwa siku mkiandika tena. Kitunguu cha dafodili kinafanana na kitunguu cha kula kabisa, ganda lilelile la kahawia, na kwenye nyumba zetu vitunguu tunaviweka popote, kwenye kikapu jikoni, chini ya sinki, kwenye mfuko nyuma ya mlango. Mama mkwe amekuja kutembelea wajukuu anatafuta kitunguu cha kukaangia mchuzi, nani atamlaumu. Mwaka 2015 idara ya afya ya jamii ya hapa iliwaandikia supamaketi wasiweke dafodili karibu na mboga na matunda kwa sababu watu walikuwa wanazila wakidhani ni mboga, wakaishia kutapika. Kuna watu wanasema mbona Waholanzi walikula tulipu wakati wa vita, ni kweli, njaa ya 1944 na 1945 iliwafikisha huko, lakini zile zilikuwa tulipu na ilikuwa njaa, dafodili ni jambo lingine. Hayasinti, lile ua la harufu kali, nayo ukiishika mikono mitupu inawasha, vaa glavu.

Kwenye udongo, sisi wa huku katikati ya Uingereza wengi tuna mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha maji yanasimama. Dafodili zinavumilia, tulipu zinaoza. Ukitaka tulipu na udongo wako ni huo weka changarawe chini ya shimo au panda kwenye vyungu tu uepuke kesi. Kina cha shimo watu wanakosea sana, wanafukia juujuu kama wanapanda maharage, chukua urefu wa kitunguu mara mbili au tatu, tulipu sentimita 15 mpaka 20, krokasi 8 mpaka 10 inatosha, ncha ikae juu. Snodropu, yale meupe madogo yanayotoka Januari theluji ikiwa bado ipo, usiyanunue makavu kwenye paketi yanakuwa yameshakufa nusu, subiri Februari au Machi ununue yakiwa na majani mabichi upande hivyohivyo. Ukipanga vizuri unaanza na snodropu, krokasi zinapokea, dafodili mwezi wa tatu, hayasinti na tulipu za mapema Aprili, tulipu za mwisho zinakupeleka mpaka Mei, hujakaa bila ua hata wiki moja.

Na yakishamaliza kuchanua acheni majani jamani! Hapa ndo ndoa zinapata misukosuko, mzee anataka yadi safi anapitisha mashine ya nyasi anafyeka kila kitu. Yale majani ndo yanapika chakula cha ua la mwakani, kata kichwa cha ua lililonyauka tu, majani yaache wiki sita hivi mpaka yawe njano yenyewe. Usiyafunge fundo wala kuyasuka, najua wapo wanaoyasuka.

Kingine Mhariri, na hili ndo limenikera zaidi kuliko hata ile picha, kuna mbegu za tulipu za bluu zinatangazwa kwenye mitandao, na zingine eti za rangi saba kwenye ua moja. Shangazi yangu ameshalipia, kapokea kijipaketi cha vimbegu vyeusi mpaka leo hajui ni vya nini, vimeota kitu kama bizari. Tulipu ya bluu halisi haipo, wazalishaji wametafuta miaka na miaka wameishia kwenye zambarau. Na tulipu ikipandwa kwa mbegu inachukua miaka mitano mpaka saba kabla ya ua la kwanza, ndo maana biashara yote inakwenda kwa vitunguu. Anayekuuzia mbegu na kukuahidi maua baada ya miezi miwili anajua anachokifanya.

Kwa wale wa nyumbani wanaonipigia simu, jibu langu ni kwamba mna vitunguu vyenu, tena vinavyosubiri mvua badala ya baridi. Lile ua jekundu la mviringo linaloibuka lenyewe mvua zikianza, wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus, ni la hukohuko Afrika, liko porini Tanzania na Kenya, na wauza miche wa barabarani wanalo mara nyingi. Amarilisi zile kubwa nyekundu zenye mistari zinakubali Dar vizuri kabisa, zipumzishe bila maji mengi miezi ya ukavu, ukianza tena kumwagilia zinashtuka na kutoa ua. Wa nyanda za juu wapande gladioli. Ndugu zetu wa Muscat wanaotaka kitu cha jamii ya dafodili wachukue pepawaiti, zile nyeupe ndogo za harufu kali, hazihitaji kupigwa baridi, ukiziweka kwenye bakuli lenye kokoto na maji miezi yao ya ubaridi zinatoka. Zote hizi nazo sio za kula, watoto waangaliwe.

Na kuhusu kuwatumia kwenye begi, sitatuma. Kitunguu kinabeba udongo, minyoo na magonjwa ya virusi, Tanzania TPHPA na Kenya KEPHIS, zile mamlaka za afya ya mimea, wanataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka kinakotoka, sasa mtu ananiambia nifiche kwenye soksi. Nifiche kwenye soksi tulipu zisizochanua!

Ombi langu kwenu ni dogo, mkiweka tena picha ya ua andikeni chini yake limepigwa picha nchi gani na mwezi gani, na mtu wa Tanga au Mombasa apande nini badala yake. Na wale dada zangu wakisoma hapa wajue simu nimezisikia, jibu ndo hilo.

Msomaji wenu,
Coventry, Uingereza