Jumamosi tunakwenda Duluti, siyo Momela

Habari za jioni wapendwa,

Mabadiliko kidogo. Safari yetu ya maziwa ya Momela tumeiahirisha, maana waliolipa ni tisa tu na kwa idadi hiyo gari la kukodi halilipi. Jumamosi hii tutazunguka Ziwa Duluti kwa miguu, pale Tengeru, Arusha. Msinune: ni ziwa la kreta katikati ya msitu, na asubuhi kukiwa kweupe Mlima Meru unaonekana vizuri kabisa.

1. Tukutane saa 1:00 asubuhi kituo cha daladala Tengeru. Jumamosi ni siku ya soko, magari hujaa ndizi na abiria mapema, kwa hiyo toka nyumbani na akiba ya muda. Saa 1:30 tunaingia msituni.

2. Mchango ni 20,000/= (kiingilio, mwongozaji na chakula cha mchana). Mwisho Alhamisi saa 2 usiku, kwa mweka hazina, namba ile ile. Waliokwisha lipia Momela, chenji yenu mtarudishiwa.

3. Viatu vyenye meno, tafadhali. Njia si ngumu sana, ila mizizi imetambaa katikati na mvua ya juzi imeiacha inateleza. Mwenye ndala za safari iliyopita anajijua 😄

4. Maji lita moja na nusu kila mtu. Vitafunwa viwe ndani ya begi. Tumbili wa pale hawaombi, wanachukua.

Mama Neema, chapati ni zako kama kawaida? Baba Junior, tunaomba ule mkoba wa huduma ya kwanza.

Naomba kila mmoja aandike hapa NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 4 usiku, nipeleke idadi kwa mwongozaji.

Asanteni sana.