Malalamiko kuhusu chupa ya marashi mliyoniuzia kuwa ya Kirumi

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Vitu vya Kale.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA "CHUPA YA MACHOZI"

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Niliagiza kwenu chupa ndogo ya kioo niiweke kwenye kabati la duka langu la marashi na udi hapa Unguja. Cheti chenu kinasema ni ya Kirumi, karne ya 3 KK, imepulizwa bila kalibu, na kwamba wafiwa walikingia machozi humo.

Karne ya 3 KK hakukuwa na kioo cha kupuliza popote. Ufundi huo ulianza karne ya 1 KK, pande za Shamu na Palestina, na ndio ulioshusha bei hata Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa zama hizo, akaandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kilipatikana kwa sarafu ya shaba. Aliyeandika cheti hakulijua hilo.

Kisha kuna mshono, kutoka shingoni hadi kitakoni, alama inayoachwa na kalibu. Warumi nao walipulizia kioo ndani ya kalibu, tena fundi Ennion alitia na jina lake, lakini nyinyi mmesema "bila kalibu".

Kubwa zaidi ni rangi. Kioo kilichokaa ardhini karne nyingi hulika na unyevu, uso wake ukawa matabaka membamba yenye rangi za upinde wa mvua. Rangi za chupa yenu zilitoka nilipoifuta kwa pamba yenye spiriti, zikaacha kwenye pamba doa la zambarau na harufu ya rangi ya kucha. Chini yake ni kioo cheupe, kipya.

Hayo machozi ni hadithi ya wauzaji. Chupa hizi zilitiwa mafuta na marashi, ndiyo maana nikaitaka.

Na hata ingekuwa halisi, karatasi za asili yake ziko wapi? Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale mwaka 1983. Vilivyotolewa Syria kinyume cha sheria tangu Machi 2011 vimezuiwa na Baraza la Usalama. Nyinyi mmeandika "mkusanyo wa zamani, Ulaya", basi.

Nataka fedha zangu zote, pamoja na gharama za usafirishaji na ushuru wa forodha, ndani ya siku 14. Chupa mtaipata mkishalipia posta. Picha za mshono na ile pamba nimeziambatanisha.

Wenu,
Mteja, Unguja