Maonyesho yetu: kazi ya Jumamosi

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi ndugu zangu.

Jumamosi saa 3 tukutane nje ya Caravanserai, ile kambi ya zamani ya misafara hapa Bagamoyo. Simu ziwe na chaji.

Kuna mwenzetu aliuliza hapa: habari za utumwa tutazionyeshaje bila kurudia picha zilezile za minyororo? Mtazameni msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja (1954), aliyeshinda Tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017. Mwaka 2004 alisimamisha watu 100 wa mbao bapa, wa kimo cha binadamu, wamepakwa rangi za kung'aa: watumwa wa majumba ya kitajiri ya Ulaya. Unapita katikati yao huku sauti ikikutajia jina halisi la kila mmoja, kisha lile alilobandikwa na bwana wake. Mimi hapo kwenye majina ndipo niliposhikwa.

Basi na sisi tuanze na majina. Vita vya Bushiri vya 1888 hadi 1889, watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, vilipita humu humu mitaani mwetu. Mwenye bibi au babu anayezisimulia habari hizo amrekodi, kwa ruhusa yake jamani. Akina mama, leteni kanga za zamani, jina la kanga (yale maneno yaliyoandikwa juu yake) lisomeke.

Wachoraji, nawaomba: "bwaga moyo", ile tafsiri ya jina la Bagamoyo, tumeshaibandika ukutani mara ngapi? Tuipumzishe.

Fremu safari hii tunapiga misumari wenyewe. Za mwaka jana mnakumbuka zilivyopinda. Mwenye msumeno aniambie inboksi.